Jina Linapwaya

"Mama Careen, hivi huyo mkweo akishapitisha ile mistari juu ya uso wa mtu, mtu mwenyewe anabaki salama?"

Swali hilo Herieth aliliuliza mchana mmoja, ameegemea ua wa matete unaotenganisha kiwanja chake na cha Esteria, mkononi ana ungo wa maharage ambayo hakuwa anayachambua hata kidogo. Alikuwa ametoka Kasulu mjini kuchukua picha ya marehemu baba yake, aliyoipeleka ikuzwe kwa ajili ya ibada ya kumbukumbu. Fundi aliyemhudumia ndiye huyo huyo Godson, kijana wa stesheneri ya Abdulrahmani pale karibu na soko, ambaye miezi michache nyuma alituma washenga kwa Esteria kumposa Careen.

Herieth alisimulia yote, na hakuna alichokiacha. Kijana aliifungua picha ya mzee kwenye kompyuta. Akashika kile kidude cha mkononi, akavuta mstari wa samawati kutoka ukingo wa juu wa kioo, akaushusha taratibu mpaka ukalala kwenye macho ya mzee. Akavuta mwingine kutoka pembeni, akausimamisha katikati ya pua. Msalaba kamili, usoni mwa marehemu. Halafu karatasi ilipotoka kwenye mashine, mzee alikuwa safi, mstari hata mmoja haupo.

"Nikamuuliza ni vitu gani hivyo," Herieth alisema, na hapo akashusha sauti ingawa uani hapakuwa na mtu mwingine ila kuku. "Akanijibu bila hata kugeuka. Hizo ni gaidi tu, mama. Gaidi! Amelitaja kwa mdomo wake."

Ieleweke kwamba miaka ile habari za Frimasoni zilikuwa zimezagaa kila mahali, kwenye mabasi, kwenye saluni, hata kwenye mimbari za makanisa mengine. Mtu akijenga nyumba haraka, Frimasoni. Akivaa pete kubwa, Frimasoni. Na hilo neno gaidi nalo halikuwa la mchezo kwa watu wa huku juu, waliozoea kuona basi la Kibondo likisindikizwa na askari wenye bunduki kupita porini. Ukiweka gaidi na msalaba unaofutika pamoja, Herieth alikuwa na habari ya kumtosha wiki nzima.

Esteria hakucheka wala hakushtuka. Alikuwa mtu wa kulitazama jambo mpaka jambo lenyewe lichoke kutazamwa. Alimjibu jirani yake kwamba wanaochora msalaba yeye hawaogopi, ila anayeufuta ndiye angependa kumjua. Kisha akaaga, akaingia jikoni kuangalia ugali wake wa muhogo.

Lakini neno lilikuwa limeingia.

Mumewe, Longinus, alifariki Careen akiwa bado wa kubebwa mgongoni. Tangu hapo Esteria alimlea mtoto huyo kwa jembe, kwa sala na kwa macho. Hakuwa na mwingine. Sasa Careen alikuwa binti mzima, anafundisha watoto wa chekechea ya kanisa, na harusi ilipangwa baada ya mavuno ya maharage, mwaka huo wa 2015. Esteria alikuwa anamwambia kila mara kwamba ndoa ya kanisani haifungwi kwa majaribio. Atamkabidhi mtu mara moja tu, na alitaka huyo mtu awe amemjua mpaka ndani, si kwa nguo za Jumapili.

Na kumjua Godson ndiko kulikokuwa kunamshinda. Kijana alikuwa na adabu zote. Hakunywa, hakukosa ibada, akimwona Esteria njiani alisimama pembeni na kuinamisha macho kama mkwe wa zamani. Washenga walipokuja, Esteria alimuuliza mbele ya watu wote kama kuna mwanamke yeyote mwenye neno juu yake, naye akajibu kwamba hana mtu. Jibu lilikuwa fupi na zuri. Hata hivyo Esteria aliuona upole wake kama wa mtu aliyebeba ndoo ya maji kichwani: anatembea vizuri, lakini anatembea hivyo kwa sababu ya ndoo.

Jumamosi iliyofuata alifuatana na Careen kwenda mjini kuangalia kadi ya harusi, maana Godson alikuwa anaitengeneza mwenyewe. Abdulrahmani, mtu mnene mwenye asili ya Tanga, aliyezoea kuwatania wateja ili wasahau kuwa umeme umekatika, aliwapokea mlangoni.

"Mama mkwe wa duka hili amefika," alisema. "Leo hata karatasi zitanyooka zenyewe."

Careen alikaa karibu na Godson. Esteria hakusogea hapo. Mama mkwe na mkwe hawakai bega kwa bega, labda huko Dar es Salaam, si Kasulu. Alikaa kwenye benchi la nyuma, kando ya mashine ya kutolea kopi, mahali ambapo uso wa kijana hakuuona kabisa lakini kioo cha kompyuta alikiona chote. Na baadaye alifikiri kwamba heshima hiyo ndiyo iliyomsaidia, kwa sababu angekuwa anautazama uso, asingeitazama kadi.

Kadi ilifunguka. Ilikuwa ya rangi ya maziwa, yenye maua pembeni na pete mbili juu. Jina la Godson lilikuwa limeandikwa kwa herufi za kupinda, na chini yake la Careen. Na ile mistari ya samawati ilikuwepo, mingine imelala, mingine imesimama, imekata kadi yote vipande vipande.

Esteria alimuuliza, kwa upole, kama hizo ndizo gaidi zilizomtisha jirani yake Herieth. Godson akacheka, na ilikuwa mara ya kwanza Esteria kumsikia akicheka. Akaeleza kwamba ni neno la Kizungu tu, maana yake kiongozi, wao mafundi wanalitamka hivyo hivyo.

"Ni kama uzi wa mwashi, mama," alisema, bado hajageuka. "Anaufunga, anapanga tofali kwa kuufuata, akimaliza anautoa. Nyumba inabaki, uzi haubaki."

Akawaonyesha. Juu ya kioo na pembeni palikuwa na rula. Alishika kwenye rula, akavuta, na mstari mpya ukatoka humo kama uzi kwenye kibiringo. Alisema jicho peke yake linadanganya, mtu akiweka mstari kwa kukisia utaonekana umekaa, ukichapa unakuta jina limeinama upande. Kwa hiyo yeye huikuza kadi mpaka herufi moja inakuwa kubwa kama nyumba, ndipo anaugusisha mstari kwenye ukingo wake. Au anaandika namba kwenye kidirisha kidogo na mstari unakwenda wenyewe mahali pake, bila kupungua wala kuzidi. Na ukishakaa, alisema, herufi ukiisogeza karibu inavutwa, inanata hapo. Alizungumza kwa furaha kama mtu anayeonyesha mtoto wake anavyotembea, na Careen alikuwa anamtazama yeye, hatazami kioo.

Basi mashetani ya Herieth yakafa pale pale kwenye benchi. Esteria alijisikia mwepesi, akamshukuru Mungu moyoni. Ila hakuwa amemaliza kutazama.

Kila jina lilisimama katikati ya mistari miwili iliyosimama wima, mmoja mwanzoni na mmoja mwishoni. Jina la Godson lilikuwa limekaa barabara: herufi ya kwanza imegusa mstari wa kushoto, ya mwisho imegusa wa kulia. La Careen, lililokuwa na mistari yake peke yake, lilianza vizuri, limegusa kushoto. Lakini lilipoishia, mstari wa kulia haukuwepo. Ulikuwa mbele zaidi, upana wa vidole viwili hivi, umesimama mahali patupu kama mtu aliyeahidiwa kufuatwa.

"Mwanangu," Esteria alisema, "jina la Careen mbona linapwaya?"

Mkono wa Godson ukasimama juu ya mausi, kile kidude cha mkononi. Kisha akajibu kwamba ni mpangilio wa zamani tu, anaoutumia kuanzia kazi zake, mwishoni ataurekebisha. Na kabla hajamaliza kusema alikuwa ameshabonyeza mahali, mistari yote ikatoweka kwa pamoja. Kadi ikabaki safi na nzuri. Esteria akaona ni kama mtu aliyefunika kitu kwa kanga mgeni alipobisha hodi.

Njiani Careen alizungumza habari za maua, kama yawe ya zambarau au yabaki ya dhahabu. Esteria aliitikia hapa na pale. Kichwani alikuwa anaipima ile kadi kama nguo. Ingekuwa mpangilio wa wateja wengine, wa harusi ya watu baki, basi majina yote mawili yangepwaya, au yangebana. Lakini upande wa bwana ulimkaa Godson kama ngozi. Maana yake vipimo vya bwana vilichukuliwa kwake yeye. Na upande wa bibi je, alipimwa nani?

Alijaribu kumwambia Careen jioni hiyo walipokuwa wanakula. Hakumaliza. Careen alisema kwamba amechoka, kwamba tangu kijana huyu abishe hodi mama yake hajalala, leo ni msalaba, kesho ni mstari.

"Mama, wewe hata akitokea malaika utamuuliza mabawa ameyanunua wapi."

Esteria akakusanya sahani. Alijiuliza, akiwa amepiga magoti kabla ya kulala, kama si wivu tu wa mama anayebaki peke yake. Aliomba kwamba kama ni wivu, uondolewe. Asubuhi alikuta haujaondolewa, akaona basi huenda si wivu.

Alirudi dukani siku ya mapumziko ya Godson, kwa makusudi, kwa kisingizio cha kununua chaki za chekechea. Abdulrahmani alikuwa peke yake, anapulizia vumbi kwenye kiprinta. Alimsifu kijana bila kuombwa. Hakuna kazi inayotoka mkononi mwake imepinda, alisema, hata kibao cha choo anakipangia mistari. Esteria akauliza yuko wapi leo. Abdulrahmani akasema amekwenda Nyarugusu, kambini kwa wakimbizi, kupiga picha; tangu mwezi wa tano watu walipoanza kumiminika tena kutoka Burundi, kila akipata nafasi yuko huko.

"Lazima amepiga nyingi," Esteria alisema.

"Sijui atakuwa anapiga na nini, mama mkwe. Kamera hii hapa." Abdulrahmani aliipapasa ikiwa kwenye rafu, akacheka. "Labda anapiga kwa macho."

Alisema kwa mzaha na akasahau papo hapo. Esteria hakusahau. Alibeba chaki zake mpaka nyumbani bila kuona njia.

Ikatokea kwamba mwezi ule akina mama wa kanisa walikuwa na mkutano Kibondo. Esteria hakuwa amepanga kwenda. Alijiandikisha, akapanda basi na wenzake, akaimba mapambio yote njiani, na mkutano ulipofungwa akawaambia wenzake wamsubiri stendi. Alikuwa anakwenda kuwasalimu wakwe.

Kwao Godson kulikuwa ni kwa baba yake mdogo, Leonidasi, yule aliyeongoza washenga. Nyumba ilikuwa nje kidogo ya mji, kwenye migomba. Leonidasi hakuwepo. Aliyekuwepo alikuwa bibi mzaa baba wa Godson, ameketi kwenye mkeka juani, anamenya mihogo kwa kuipapasa, macho yameingia ukungu mweupe. Washenga walikuwa wamesema habari zake, kwamba ni mzee sana na hakuweza kusafiri mpaka Kasulu.

Esteria alichuchumaa, akamsalimu kwa Kiha. Sasa Esteria amezaliwa Munanila, mpakani kabisa, ambako ng'ombe wa mtu hunywa maji Burundi na kurudi kulala Tanzania. Kiha chake kilikuwa cha huko. Mtu wa Kibondo akikisikia bila kumwona msemaji, anaweza kuapa kwamba ni Kirundi.

Bibi akaweka kisu chini.

"Mmerudi?" aliuliza. Alinyoosha mikono yote miwili, akamshika Esteria viganja. "Tuliambiwa mnarudi. Epifania umemwacha wapi? Mwambie asiogope. Godson hajaoa."

Esteria angeweza kumrekebisha hapo hapo. Hakumrekebisha. Alikaa pale mkekani, mikono yake imeshikwa, akasikiliza, na kila alichokisikia kiliingia mahali pake kimya kimya. Bibi alikuwa anafurahi. Alisema walisikitika sana kambi ya wakimbizi ya Mtabila ilipofungwa, kwamba harusi ilikuwa imekaribia kabisa na kadi zilishatengenezwa, na Epifania akapandishwa gari na wazazi wake kurudi kwao, na Godson hakula kwa muda mrefu. Akaiacha Kibondo, akaenda Kasulu kutafuta kazi. Alisema wajukuu wengine wangesahau. Huyu hasahau.

"Huyo si wa kwao Epifania, mama," sauti ya mwanamume ikasema nyuma yao.

Leonidasi alikuwa amesimama na baiskeli yake. Alikuwa amesikia ya kumtosha. Alimwingiza Esteria ndani, akamletea kiti, akaketi, akainuka, akaketi tena. Akasema lilikuwa jambo la ujana. Hakuna ndoa iliyofungwa, hakuna mahari iliyopokelewa, binti alikwenda na hakuandika tena. Hakuona sababu ya kuwabebesha watu wa Kasulu habari za mtu aliyekwisha ondoka.

"Nilimuuliza mbele yako," Esteria alisema. "Nilimuuliza kama ana mtu."

"Akasema hana."

"Ndiyo. Na wewe ukatikisa kichwa."

"Na kweli hana, mama. Yuko wapi?"

Esteria aliaga. Alipopita uani bibi alikuwa amerudia mihogo yake, na alikuwa anaimba kidogo. Hapo ndipo Esteria alipochuchumaa tena, akamwambia yeye ni nani. Bibi akaweka tena kisu chini. Kisha akauliza kama huyo Careen ni mtoto mzuri, na Esteria akajibu kwamba ndiyo, ni mzuri.

Kwenye basi wenzake waliimba tena. Yeye alitazama pori. Hakuona kosa la kumfunga mtu. Kijana alipenda, akaachwa na mambo makubwa kuliko yeye, akapenda tena. Wajane wanaolewa, wagane wanaoa, Mungu hakatazi. Kilichomkaa kooni kilikuwa kingine, nacho hakikuwa Kibondo, kilikuwa Kasulu, kwenye kioo cha kompyuta. Jina kijana amelifuta. Mistari je, kwa nini ameiacha? Na kama mtu amekwisha ondoka, Nyarugusu anakwenda kumpiga nani kwa macho?

Alipofika nyumbani hakumwambia Careen aliyoyasikia. Haikuwa siri ya kuletwa na mama kutoka safarini, ikapokelewa kama wivu mwingine. Alitaka isemwe na mwenyewe, na Careen awepo. Kwa hiyo aliposikia kwamba kadi imekamilika, na kwamba wanangojewa wakaikague kabla haijachapwa, alisema tu twende.

Dukani palikuwa na wateja wawili wanaongoja kopi. Careen alikaa mahali pake, Esteria kwenye benchi lake. Godson akafungua kadi. Maua yalikuwa ya zambarau sasa, kama Careen alivyotaka, na Careen alitabasamu. Mistari haikuonekana.

"Imependeza," Esteria alisema. "Sasa rudisha ile mistari."

Godson hakugeuka. "Mama, haitachapwa. Ni ya kuongozea tu."

"Najua. Ulinieleza vizuri. Irudishe."

Akabonyeza. Mistari ikarudi yote. Jina la Godson lilikuwa limekaa kama siku ile, na la Careen lilikuwa linapwaya kama siku ile, na ule mstari wa kulia ulikuwa pale pale, umesimama peke yake. Kadi ilikuwa imekamilika, tayari kwa mashine, lakini ule mstari ulikuwa haujaguswa.

"Epifania angeenea hapo?" Esteria aliuliza.

Careen alimgeukia mama yake kwanza, kwa hasira, kisha akamwona Godson, hasira ikakosa pa kwenda. Masikio ya kijana yalikuwa yamebadilika rangi. Abdulrahmani, ambaye alikuwa anakata karatasi kwenye meza ya mbele, alipunguza redio, halafu akaona amekosea kuipunguza, akaiongeza tena kidogo.

Godson hakukana. Hilo Esteria alimhesabia. Alizungumza kwa sauti ya chini, akiitazama kibodi, na alisema yote yaliyosemwa Kibondo na mengine yasiyosemwa: kwamba aliitengeneza kadi ile mwaka wa 2012, kwamba lile jina alilipima herufi kwa herufi siku nzima mpaka likakaa, na binti alipoondoka alilifuta lakini mistari akaiacha, kwa kuwa haichapwi na haimsumbui mtu. Alisema alitaka kumwambia Careen. Kila siku alitaka.

"Na Nyarugusu?" Esteria aliuliza.

"Nilikwenda kuangalia kama wamerudi. Sikuwaona."

Careen akamgeukia Godson.

"Na kama ungemwona?"

Mmoja wa wateja alikohoa. Godson akasema, "Nimekuposa wewe, Careen." Ilikuwa kweli, na ilikuwa imesemwa kwa upole, na Esteria alitambua kwamba lilikuwa jibu la swali jingine. Alimtazama binti yake kuona kama naye ametambua. Lakini Careen alikuwa amenyoosha kidole kwenye kioo, karibu akiguse.

"Basi usogeze," alisema. "Huu mmoja tu. Ulete kwenye jina langu."

Godson akashika mausi. Akaikuza kadi mpaka jina la Careen likajaa kioo chote, herufi yake ya mwisho kubwa kama geti. Akaupeleka mshale juu ya mstari. Mshale ukabadilika ukawa vijistari viwili vidogo, akabana, akaanza kuvuta. Mstari ulikuja polepole. Ulipita pale patupu, ukakaribia, kisha ukanata kwenye ukingo wa ile herufi, bila kupungua wala kuzidi. Akaipunguza kadi irudi ukubwa wake. Jina la Careen lilikuwa limeenea, kushoto limegusa na kulia limegusa, kama vile halijawahi kupwaya hata siku moja.

Esteria alishusha pumzi. Alikuwa tayari, Mungu ni shahidi, kumwita kijana huyu mwanawe kwa moyo mweupe, na kumwomba radhi kwa safari ya Kibondo. Alianza hata kulitafuta neno la kuanzia.

Ndipo mkono wa kushoto wa Godson, uliokuwa umelala kwenye kibodi, ukabonyeza. Ni vidole viwili tu, kwa pamoja, haraka, vile mafundi wanavyofanya mara mia kwa siku kufuta walichokifanya sasa hivi. Mstari ukaruka. Ukarudi kule kule ulikotoka, ukasimama peke yake.

Godson mwenyewe alishtuka. Aliutazama mkono wake kama mkono wa mtu mwingine.

"Umezoea tu," alisema. "Mkono umezoea. Ngoja niusogeze tena."

Akashika mausi. Careen akainuka. Alijifunga kanga yake vizuri kiunoni, akachukua mkoba wake juu ya meza, akapita katikati ya wale wateja wawili waliomwachia njia, akampita Abdulrahmani na mkasi wake, akatoka nje kwenye jua la sokoni.